Nani Kapandisha? Barua zenu kuhusu maneno ya uchumi

Toleo lililopita nililalamika, kwa aya mbili tu, kwamba habari za uchumi zimejaa vitenzi visivyo na mwenyewe. Bei imepanda. Shilingi imeporomoka. Riba imeshuka. Utadhani vitu hivi vina miguu yao na vinajiendea vinakotaka. Nikasema mwanafunzi wa Kiswahili akisikia "imepanda" aulize nani kapandisha. Nilidhani itapita kimya kimya kama yanavyopita mengi ninayoandika hapa. Badala yake mmeandika kuliko mlivyoandika nilipogusa ngeli, na ngeli ziliwahi kunitia matatani.

Kwa msomaji mgeni: nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili hapa Mwanza. Chumba changu kiko Malimbe, na Jumamosi nashinda Mwaloni Kirumba nikimwandikia mama mdogo daftari la dagaa. Uchumi sikuusomea. Ninachokijua nimekiokota kwenye taarifa za Benki Kuu, za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwenye hilo daftari, ambalo hata likiwa ndani ya mkoba, abiria wa daladala wanajua lipo.

*Dada, mimi ni mama lishe hapa Igoma. Kila mwezi redio inasema mfumuko wa bei umeshuka, au umebaki tulivu. Juzi nimeongeza bei ya sahani ya wali maharage. Mteja wangu mmoja, tena mwalimu, akasema mbele ya watu: "Mama, redio imetangaza bei zimeshuka, wewe unapandisha?" Nilikosa jibu, watu wakacheka. Niambie, mwongo ni mimi au redio?*
Mama Lishe, Igoma

Shikamoo mama. Wewe si mwongo, redio nayo haikudanganya. Wa kulaumiwa ni huyo mwalimu aliyesikia nusu, na nakuomba umsomee jibu hili kwa sauti, mbele ya watu walewale.

Redio haikusema bei zimeshuka. Imesema mfumuko wa bei umeshuka. Neno lenyewe ni mtoto wa kufumuka, kama mshono unavyofumuka: uzi unaachia, nguo inazidi kutanuka. Mfumuko ni ile kasi ya kuachia. Kasi ikipungua, nguo haijajishona. Imefumuka polepole tu.

Kama mfano wa nguo haukutoshi, twende ziwani. Unakumbuka mwaka 2020 maji yalivyopanda yakala fukwe, miti ya watu ikabaki imesimama majini? Chukua kijiti, kichomeke pale maji yanapoishia. Wiki hii maji yamepanda vidole vinne, wiki ijayo vidole viwili. Mtu akikuambia "kasi ya maji kupanda imepungua" amesema kweli tupu. Lakini ukimsikia nusu, ukarudisha kibanda chako pale palipokuwa pakavu, usiku utalala na kambale.

Tuseme kwa fedha. Mwaka 2025 mfumuko wetu, uliotangazwa kila mwezi, ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 3.1 na 3.5, ukilinganisha na mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Maana yake, vitu vilivyonunuliwa kwa shilingi 100,000 mwaka mmoja nyuma sasa vinanunuliwa kwa 103,000 na kitu. Mfumuko "ukishuka" kutoka 3.5 hadi 3.4, vitu hivyo vimepanda 3,400 badala ya 3,500. Vimepanda! Ili redio iseme bei zenyewe zimeshuka ingebidi itangaze mfumuko hasi, neno ambalo kila nikilisikia naona mshono unaojishona wenyewe. (Binamu yake ni "ukuaji hasi". Mtoto anayekua kwenda chini, sijui mama yake anamshonea sare ya saizi gani.)

Haki yao niwape. Asilimia tatu ni ndogo, na wazee wanaijua tofauti. Miaka ya mwanzo ya tisini mfumuko wa nchi hii ulizidi asilimia 30. Mama mdogo anasema siku zile ulikuwa ukiuliza bei asubuhi, ukienda kuchukua hela nyumbani, ukirudi unauliza upya. Leo Benki Kuu inataka ubaki kati ya asilimia 3 na 5, na umebaki humo. Hiyo ndiyo maana ya "tulivu". Halina maana ya kwamba Igoma kumetulia.

Kuna jambo jingine mwalimu wako hakuambiwa. Mfumuko unapimwa kwa kikapu. Takwimu wana kikapu chao chenye mamia ya bidhaa na huduma, unga, nauli, kodi ya nyumba, ada, hata kunyoa nywele, na kila kitu kina uzito wake. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi havifiki theluthi ya uzito huo. Sasa fungua kikapu chako wewe: mchele, maharage, mafuta, vitunguu, nyanya, mkaa. Chako ni chakula na moto wa kukipikia, basi. Mchele ukipanda huku kitu kingine kimetulia, wastani wa nchi unatikisika kidogo, sufuria lako linatikisika lote. Kwa hiyo mama, una mfumuko wako binafsi, na hakuna mtangazaji anayeusoma saa mbili usiku.

*Mimi nanunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, visiwani Ukerewe na kuyaleta Mwanza. Mwishoni mwa 2024 taarifa ya habari ilishangilia "shilingi yaimarika". Wiki hiyohiyo tajiri ninayempelekea mzigo akanikata bei ya kilo. Nikamuuliza kulikoni, akasema "dola imeshuka". Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, dola kutoka 2,700 kwenda 2,400, namba imepungua, kuimarika kunatoka wapi? Pili, shilingi yangu ikipata nguvu, mbona mimi nimelegea?*
Mchuuzi wa mabondo, Nansio

Kaka, wewe ndiye uliyenikosesha usingizi. Nimekaa na swali lako siku nne.

La kwanza ni la lugha, hilo sina wasiwasi nalo. Ile 2,700 ni bei ya dola, siyo cheo cha shilingi. Dola ni bidhaa kama sangara. Ukinunua samaki kwa 2,400 badala ya 2,700, hela yako imenunua zaidi, ndiyo maana wanasema imeimarika. Shida ni kwamba watangazaji hubadilisha kiti katikati ya safari. Sentensi ya kwanza mwenye kiti ni shilingi ("imeimarika"), ya pili ni dola ("imeshuka"), ya tatu ni "kiwango cha kubadilisha fedha", ambacho hakijulikani kimeshuka kwa faida ya nani. Msimamizi wangu wa tasnifu angeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: KIIMA!

La pili ni la mfukoni. Bondo la sangara halina safari ndefu hapa nchini. Linakwenda Hong Kong na China, na huko linalipwa kwa dola. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya daraja fulani inalipwa dola 100. Dola ikiwa 2,700, tajiri akibadilisha anapata 270,000. Ikiwa 2,400, kilo ileile, mnunuzi yuleyule, anapata 240,000. Hakuna Mchina aliyepunguza hata senti. Zile 30,000 zimeyeyuka kwenye dirisha la kubadilishia fedha, tajiri akageuka nyuma akakuona wewe.

Na kwa nini shilingi ilipata nguvu? Miezi ya mwisho wa mwaka dola huingia kwa wingi, mazao yanauzwa nje, watalii wamekuja, na dhahabu inasafirishwa. Bidhaa ikijaa, bei inashuka, hilo hata dagaa wanalijua. Lakini haikukaa. Kufikia Aprili na Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na 2,700, kisha ikateremka tena hadi Oktoba ikacheza jirani na 2,450. Katikati ya hayo, Machi 2025, zikatoka kanuni za kukataza kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, zile zilizowafanya baadhi ya wenye nyumba na hoteli wafute alama ya dola kwenye vibao vyao.

Sasa nikuulize wewe. Dola ilipoteremka, tajiri alikukata wiki hiyohiyo. Injini ya boti, nyuzi za nyavu na mafuta vinaagizwa kwa dola vilevile. Duka lako la vipuri nalo lilikupunguzia wiki hiyohiyo? Nimeuliza watu sita pale Mwaloni. Wawili walisema mafuta yalipungua baadaye kidogo. Injini, walinitazama kama nimeuliza habari za bahari. Muuza vipuri atakwambia mzigo huu aliununua dola ikiwa juu, na anaweza kuwa mkweli. Ila mbona mzigo wake wa zamani anaukumbuka dola ikishuka tu, ikipanda anausahau palepale? Hapo, kaka, mtenda yupo, ana duka, na ana jina analoitwa na mkewe.

Kwa kuwa umetaja dola: Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000, na watangazaji wote wakasema "kwa aunsi". Kiswahili kina *wakia*. Bibi zetu walipima kwa wakia uvumba na hina. Kanda yetu ndiyo inayochimba dhahabu, Geita ipo hapo ng'ambo, nasi tunaipima kwa neno tulilolikopa juzi. Nimemaliza, hasira zimeshuka. Zenyewe.

*Kodi, ushuru, ada, tozo. Ninavyojua mimi vyote vinatoka mfuko mmoja. Vina tofauti au ni mapambo?*
Dereva wa bajaji, Buhongwa

Kwa mfuko wako ni mapambo. Kwa lugha vinatofautiana, na nitakuwa mfupi kwa sababu abiria wanakusubiri.

Kodi ni neno la jumla, na ndilo hilohilo unalomlipa mwenye nyumba. Ushuru limetoka Kiarabu, maana yake ya asili ni sehemu ya kumi, na lina undugu na "ishirini". Kwa hiyo anayekutoza ushuru kupita sehemu ya kumi anaikosea sarufi pia. Ada nalo ni la Kiarabu, maana yake desturi. Unalipa ada kwa huduma, kama ya shule, ingawa asili yake ni "ndivyo tulivyozoea", na kwa kweli ndivyo baadhi ya ofisi hujibu ukiuliza inatoka sheria gani.

Tozo ndilo ninalolipenda. Limezaliwa na kutoza, na kutoza hakuwezekani bila mtu wa kutoza na mtu wa kutozwa. Katika kundi zima, hili peke yake halijifichi. Labda ndiyo sababu Julai 2021, ilipokuja tozo ya miamala ya simu, nchi nzima ilipiga kelele. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Wangeiita "mchango wa mshikamano", nani ajuaye, labda tungelipa tukiimba.

*Mimi mwalimu mstaafu, Sengerema. Nimesikia habari za "hatifungani ya kijani". Nikadhani ni karatasi ya rangi ya kijani. Kijana wangu akanicheka. Ni nini, na je, nipite darajani nije Mwanza kununua?*

Shikamoo mwalimu. Kijana wako akucheke akishaweza kulieleza yeye.

Hati ni karatasi yenye ahadi, na hiyo "fungani" inafunga pande mbili, mkopaji na mkopeshaji. Wewe ndiye mkopeshaji. Unaikopesha serikali au kampuni fedha kwa miaka iliyotajwa, inakulipa riba kwa vipindi, na mwisho wa muda inakurudishia ulichotoa. Ukinunua hisa umekuwa mwenye mali, ukila faida na hasara pamoja na kampuni. Ukinunua hatifungani unabaki mdai. "Ya kijani" inasema fedha zitakwenda wapi, kwenye miradi yenye manufaa kwa mazingira. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza ya namna hiyo mwaka 2024, ya miaka kumi, kwa ajili ya maji. Rangi ya karatasi haihusiki, na siku hizi hata karatasi yenyewe ni nadra, ni namba kwenye kompyuta.

Kununua au kutonunua sikushauri. Nakupa dokezo moja tu la lugha, usome neno "muda" kabla ya neno "riba". Hatifungani za Serikali huanzia shilingi milioni moja, na zipo za miaka miwili hadi za miaka 25. Riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Mstaafu anayefunga fedha kwa miaka 25 ajue anamfungia mjukuu. Unaweza kuiuza njiani kwa mtu mwingine, ila bei ya siku hiyo haina ahadi.

Daraja pita tu, hata bila hatifungani. Tangu lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za Kigongo hadi Busisi zinakatika kabla hujamaliza kumsimulia jirani yako wa kiti habari za msiba. Zamani kwenye kivuko ulimaliza msiba, ukaanza harusi.

*Dada habari. Nimesikia Benki Kuu imeshusha riba hadi asilimia 5.75. Mimi mwaka jana nilichukua laki moja ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani, nikarudisha laki na thelathini baada ya mwezi. Naomba unielekeze zinakotolewa fomu za hiyo ya 5.75.*
Fundi cherehani, Mabatini

Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka, kwa sababu swali lako ni sahihi kuliko habari uliyoisikia.

Fomu hazipo. Ile ni Riba ya Benki Kuu, na wateja wake ni mabenki. Tangu Januari 2024 Benki Kuu huitangaza kila robo mwaka kama bei ya dira ya fedha zinazokopeshana benki kwa muda mfupi. Ilianza na 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Dira ikishuka inatarajiwa benki zipate fedha kwa unafuu, kisha unafuu uteremke ngazi kwa ngazi mpaka kwa mkopaji. Ngazi ni ndefu. Riba ya mikopo ya benki, kwa wastani, imekaa jirani ya asilimia 15 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na Mabatini iko chini ya ngazi ya mwisho.

Lakini ona lilipojificha neno lililokuumiza. Habari imesema 5.75, ikameza "kwa mwaka". Wewe ulilipa 30, mkopeshaji akameza "kwa mwezi". Asilimia isiyotajiwa muda ni sentensi isiyo na kiarifu. Thelathini kwa mwezi, mara kumi na mbili, ni 360 kwa mwaka, hata kabla hujaanza kukopa ili ulipe mkopo. Siku nyingine ukisikia asilimia yoyote, uliza: kwa muda gani? Anayejikuna kichwa kabla ya kujibu, muage.

Na kuna jambo linanifurahisha, ingawa wewe huna sababu ya kufurahi. Mabenki wana neno lao kwa mkopo usiolipika, *mkopo chechefu*. Ukilisikia unaona mtu anachechemea, unamhurumia, na humwoni aliyemvunja mguu. Mtaa nao ukatunga la kwake, *kausha damu*. Kausha ni kauli ya kutendesha. Damu haikukauka, imekaushwa, na kila mtu anajua nani kaikausha na anakaa nyumba ya ngapi. Hakuna kamati iliyokaa kulisanifu neno hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Orodha nimeisoma yote. Yamo majina matamu ya Kiswahili kiasi kwamba nikaona haya kwa niaba ya lugha.

*Wewe binti. Nimesoma uliyoandika toleo lililopita, kwamba tusiseme "bei imepanda", tuseme "wamepandisha". Mimi navua dagaa Igombe tangu karabai, sasa hivi tunatumia taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawapatikani, bei inapanda. Nani kapandisha? Utaupeleka mwezi polisi? Msomi usituchonganishe na wateja.*
Mvuvi, Igombe

Shikamoo baba. Nimepigwa, nimekubali.

Wasioujua mwalo wajue hivi: dagaa huvuliwa gizani. Taa inawaita, wanakusanyika juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina cha kuwaambia, kwa hiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi. Ndiyo maana Mwaloni mwezi hauhesabiwi kwa tarehe. Watu wanasema "tutalipana giza likianza", na deni linaeleweka. Halafu kuna mvua. Dagaa wakinyeshewa wakiwa mchangani kabla hawajakauka, mzigo wa chakula cha watu unageuka chakula cha kuku, na bei yake inageuka palepale. Hapo nako sina wa kumshitaki.

Kwa hiyo nilipoandika kwamba nyuma ya kila "imepanda" kuna mtu, nilizidisha chumvi. Kuna bei zinazopanda kweli, na Kiswahili hakikukosea kuzipa kitenzi chao. Kosa langu lilikuwa la kimezani. Nilikuwa nikisoma magazeti Malimbe, wakati jibu lilikuwa limekaa juu ya gunia Kirumba.

Jumamosi iliyopita nikaenda na barua yako, baba. Mwezi ulikuwa mpevu, magunia machache, makuli wamekaa kivulini wanacheza bao. Sado la dagaa ambalo wiki mbili nyuma niliandika 9,000 kwenye daftari, siku hiyo niliambiwa niandike 12,000. Nikamsomea mama mdogo barua yote. Akacheka pale pa polisi. Kisha nikamuuliza, kwa ule utafiti wangu: katika hizi elfu tatu zilizoongezeka, mwezi umepandisha ngapi?

Akafikiri kweli. Akasema mwezi umepandisha elfu moja na mia tano. Dalali, ambaye alifungia magunia stoo tangu giza lililopita akisubiri siku kama hii, kapandisha elfu moja.

"Na mia tano?"

"Hiyo nimepandisha mimi."

Alisema bila kupepesa macho, kauli ya kutendesha, nafsi ya kwanza, umoja. Nikaanza kuiandika kwenye daftari langu la utafiti. Akaniangalia, akaniuliza: "Na ile ada yako ya muhula uliopita, ulidhani ilijilipa?"

Nikafunga daftari. Nikachukua sindano, tukaendelea kushona midomo ya magunia.